Maswali ya Wasomaji: Gofu ya Milimani Huanzia Miguuni

Tangu tulipogusia viwanja vifupi vya gofu vya ukanda wa magharibi, barua zimeendelea kumiminika, na nyingi zimetoka kwa wanagenzi wanaocheza kwenye vilima. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu karibu kila kilichoulizwa baadaye kinaitegemea. Maelezo yote ya kushoto na kulia ni ya mchezaji anayetumia mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze.

SWALI: Mhariri, natumai u mzima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kapsabet na nilianza gofu miezi saba iliyopita. Mazoezi nafanyia kwenye uwanja wa kandanda wa shule, ambao ni tambarare, na huko fimbo ya chuma namba 7 hunitii bila matata. Nikienda kwenye uwanja mfupi wa mashimo tisa wenye vilima, kila kitu huharibika. Mara mpira hukata kona kwenda kushoto kama unaoitwa, mara nachimba udongo kabla sijaugusa. Majuzi, nikiwa kwenye mteremko, kedi, mbeba fimbo wangu, alininyima namba 7 akanipa namba 9, nami nikaona ananidharau. Kosa langu ni lipi? (Mwalimu, Kapsabet)

JIBU: Mimi mzima, Mwalimu. Nianze na huyo kedi, kwa maana alikuwa sahihi. Unaposimama kwenye mteremko, mguu wa nyuma ukiwa juu kuliko wa mbele, ardhi yenyewe huupunguzia uso wa fimbo mwinamo wake, na chuma namba 7 hugonga mpira kana kwamba ni namba 5. Mpira huondoka chini chini, hauinuki, kisha hukimbia mbali ukishatua. Mahali hapo namba 9 hufanya kazi ile ile ambayo namba 7 huifanya kwenye uwanja wenu wa shule. Kedi aliyezaliwa na kukulia kwenye mlima huo huisoma ardhi kabla hujautua mfuko wako, kwa hiyo ukipewa fimbo usiyoitarajia, muulize sababu, kisha uipokee.

Uwanja wa shule umekufundisha mikono, jambo ambalo ni jema, lakini miguu haukuifundisha lolote. Kwenye tambarare mtu husimama tu, mwili ukajipanga wenyewe. Kwenye kilima mwili hupinga kilima: hujaribu kusimama wima kama mlingoti, ilhali ardhi imelala upande, na fimbo ikishuka hukuta udongo pale ambapo hapakutarajiwa udongo. Ndiyo sababu unachimba.

Chukua kwanza mpira ulio juu ya miguu yako, yaani umesimama ubavuni mwa kilima na mpira uko upande wa juu, karibu na magoti yako kuliko ulivyozoea. Fimbo imekuwa ndefu mno kwa nafasi hiyo, basi shika chini zaidi kwenye mpini, hata vidole vya mkono wa chini vikaribie chuma, na usimame wima kidogo. Uso wa fimbo iliyolazwa ubavuni mwa kilima huelekea kushoto wenyewe, na kadiri uso ulivyoinama nyuma ndivyo mpira unavyozidi kupotelea upande huo, hata weji, fimbo fupi ambayo uso wake umeinama sana, ikamdanganya mtu kuliko namba 6. Huo ndio mpira wako unaoitwa. Dawa yake ni kulenga kulia ya shabaha na kuuacha urudi wenyewe. Ukijaribu kuuzuia kwa viganja utaharibu zaidi.

Mpira ukiwa chini ya miguu yako mambo hugeuka, nao hukimbilia kulia. Nakiri kwamba huu ndio ninaouogopa mpaka leo. Lazima uinamie zaidi kutoka nyonga, ukunje magoti, na, hapa ndipo wengi tunaposhindwa, uyaache yamekunjika mpaka mpira uondoke. Anayeinuka kabla ya wakati hugonga kichwa cha mpira, ukabiringika mita kumi. Lenga kushoto kidogo, zungusha nusu ya nguvu yako, na uridhike.

Unapopanda, mguu wa mbele ukiwa juu, yainamishe mabega yafuate kilima badala ya kuyaweka sawa na upeo wa macho. Uzito utaelemea mguu wa nyuma. Usiukatalie kabisa, lakini usiuache ukuangushe. Mpira utapaa juu sana na kwenda karibu, basi chukua fimbo ndefu kuliko ulivyodhani: palipokuwa pa namba 8, tumia namba 7 au hata 6. Unapoteremka fanya kinyume: mabega yashuke na mteremko, mpira ukae karibu na mguu wa nyuma, na fimbo iufuate mlima kwenda chini baada ya kuugonga mpira. Silika itakuambia uegemee nyuma ili uusaidie mpira kupaa. Hapo ndipo udongo unapochimbwa. Fimbo ya kedi wako, ile namba 9, tayari ina mwinamo wa kuupaisha mpira. Hauhitaji msaada wa mgongo wako.

Sasa nikupe jambo moja ambalo halihitaji kukariri hayo yote. Kabla ya kila pigo mlimani, simama hatua moja kando ya mpira, kwenye mwinamo ule ule, uzungushe fimbo mara mbili polepole kana kwamba unapiga, kisha utazame chini. Asubuhi yenye umande utaona wazi kabisa: kuna mstari mfupi uliopangusika, mweusi kuliko nyasi zilizouzunguka, labda wenye upana wa kiganja. Hapo ndipo fimbo yako inapogusa ardhi kwenye kilima hicho, leo, kwa mwili huo ulio nao. Tazama mstari huo uko wapi ukilinganisha na miguu yako, mara nyingi huwa karibu na mguu ulio juu, kisha nenda usimame kwa mpira wako hivyo hivyo. Kukita viatu vizuri ardhini kunaruhusiwa na sheria. Kinachokatazwa ni kujijengea jukwaa, kwa mfano kusogeza jiwe ili ulikanyagie.

Lakini pigo bora zaidi la mlimani ni lile usilolazimika kulipiga. Katika mwaka wangu wa kwanza nilisimama kwenye tii, yaani mahali pa pigo la kwanza, ya shimo lililoshuka hadi kijitoni kisha likapanda ukuta wa nyasi mpaka grini, pale penye nyasi fupi na kikombe, mita 260 hivi kwa jumla. Nilitoa dreva, fimbo ya masafa marefu ambayo, kama dreva wa matatu, haipendi kuambiwa ipunguze mwendo. Nilipiga vizuri ajabu. Mpira ulivuka kijito, ukagonga ule ukuta wa upande wa pili, ukasimama kidogo kama unaofikiri, kisha ukarudi nyuma taratibu mpaka majini. Mzee niliyekuwa nikicheza naye alipiga chuma kifupi, mpira wake ukatua kwenye kibaraza cha ardhi tambarare kabla mteremko haujaanza, akasimama hapo kama aliye sebuleni kwake, akapiga tena kuvuka kijito hadi kibaraza cha pili, kisha weji hadi grini. Alimaliza kwa mapigo matano. Yangu sikuyahesabu mpaka mwisho.

Basi ukiwa kwenye tii usijiulize mpira unaweza kufika mbali kiasi gani. Jiulize ungependa kusimama wapi kwa pigo litakalofuata. Uwanja mfupi wa vilima huwa na vibaraza vya namna hiyo karibu kila shimo, na kwa kuwa ni mfupi, unaweza kumudu kuvifuata. Shimo la mita 260 hugawanyika kuwa 110, 90 na 60, na umbali wote huo unaupiga tayari pale shuleni. Ukisukuma mara mbili kwenye grini umepata matano kama mzee wangu, na mchezaji mwenye handikapu ya uwanja ya 36, yaani mapigo anayopunguziwa katika mashimo 18, mawili kwa kila shimo, huandikiwa matatu mahali ambapo bingwa alitarajiwa kupata manne.

Nandi Hills kuna uwanja wa mashimo tisa wa Nandi Bears, uliopewa jina la yule mnyama wa kutisha wa hadithi za Wanandi, na watu hudhani dubu ndiye hatari ya pale. Miinuko yenyewe yatosha.

SWALI: Mpendwa mhariri, mimi ni mama wa makamo, nilijifunza gofu hapa Kisumu ambako ardhi haina mambo mengi. Marafiki wamenialika Kericho mwisho wa mwezi tucheze kwenye vilima vya chai. Nimeambiwa huko juu mpira huruka mbali zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hiyo nipunguze fimbo. Ni kweli? Na je, kuna jambo lingine la kujitayarishia? (Mama G., Kisumu)

JIBU: Ni kweli, dada yangu, lakini ukweli huo ni mdogo kuliko sifa zake. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kericho iko karibu mita 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi zaidi, hivyo huukinza mpira kwa nguvu pungufu. Kwa mchezaji ambaye pigo lake zuri ni la mita 110, tofauti hiyo haizidi mita tatu au nne, na wanaopiga taratibu hufaidika kwa uchache zaidi. Wanaopaswa kupiga hesabu za hewa ni wale wanaotuma mpira mita 230.

Kilichopo cha kuhesabu ni mwinuko wa grini. Kanuni ya kukadiria ambayo imenisaidia ni hii: kwa kila mita ambayo grini imeinuka juu ya mahali uliposimama, ongeza mita moja ya umbali. Shimo lililoandikwa mita 110, lakini grini yake iko juu yako kama urefu wa nyumba ya ghorofa nne, lichezwe kama mita 120 na ushee. Hapo hewa nyepesi imekupa nne na kilima kimekunyang'anya kumi na mbili, kwa hiyo ushauri wa kupunguza fimbo ungekuacha chini ya grini, na mpira uliotua kwenye kingo za grini za milimani una tabia ya kuteremka mpaka ulipotoka. Ukishuka, punguza, ila kumbuka kwamba mpira utakimbia baada ya kutua.

Jambo la pili ni nyasi. Nyanda zetu za juu ndizo kwao nyasi za kikuyu, hizi hizi ambazo ng'ombe hulishia na ambazo zimesafirishwa hadi viwanja vya gofu vya Australia, Afrika Kusini na California. Mashina yake hutambaa na kushikana kama mkeka. Kwenye feawei, njia ya nyasi zilizokatwa kati ya tii na grini, mpira hukalia juu yake vizuri, jambo linalompendeza mwanagenzi, lakini usitarajie ubiringike sana. Kwenye nyasi ndefu, zile ambazo wachezaji huziita rafu, na jina limezifaa, mashina hayo hukamata shingo ya fimbo na kuugeuza uso wake kushoto. Usitoe fimbo ndefu humo. Kaza mshiko kuliko kawaida, chukua weji au namba 9, ukate kwa kushuka, na urudi feawei kwa njia fupi zaidi hata kama ni kwenda kando. Nimeona mtu akipiga mbao namba 3, fimbo ndefu ya kichwa kinene, kutoka kwenye rafu ya kikuyu mara tatu mfululizo, mpira usitoke hata mara moja, ilhali kila mara alisema kwamba sasa ameielewa.

La mwisho ni saa. Omba mcheze asubuhi. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani hupanda kwenye miinuko ya Nandi na Kericho jua linapokuwa limepasha ardhi, na alasiri huleta ngurumo na mvua ya mawe ambayo wakulima wa chai huijua sana. Mchezaji anayeona dalili za radi anaruhusiwa kuacha kucheza bila kungoja ruhusa ya mtu, na klabu ikipiga king'ora cha hatari ni lazima kila mtu asimame papo hapo, hata aliyekwisha kuinua fimbo. Usijifiche chini ya mkaratusi uliosimama peke yake. Na unapopanda, panda taratibu. Anayefika kwenye mpira akihema huinua mabega kila anapovuta pumzi, na fimbo hupanda nayo.

SWALI: Mimi na shemeji yangu tumenuniana. Tulikuwa tukicheza karibu na Nandi Hills, mpira wake ukaporomoka ukaingia vichakani kuelekea kwenye chai. Tuliutafuta dakika kama kumi, tukaupata, akaucheza kutoka hapo. Mimi nasema alipaswa kurudi. Yeye anasema mpira ulipatikana, basi ulipatikana. Tena kwenye shimo lingine alisogeza mpira bure eti kuna fuko. Nani mkweli? (Mcheza haki, Nandi)

JIBU: Kuhusu vichaka, wewe. Kuhusu fuko, yeye. Naomba mle chakula pamoja kabla hamjasoma zaidi.

Tangu 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu. Zamani zilikuwa tano. Dakika hizo zikiisha mpira umepotea kisheria hata kama unauona kwa macho yako, na anayeupiga amepiga mpira usio wake: huongezewa mapigo mawili, na bado hana budi kurudi alikopigia awali, na kwa kurudi huko huongezewa pigo moja jingine. Vile vile, vigingi vyeupe vikiwa vimepigwa mbele ya chai, mpira uliopita mstari huo umetoka nje ya uwanja, na hata ukiuona umekaa vizuri juu ya majani machanga, hauchezwi.

Kurudi mlimani kwa miguu ni adhabu ya pili, kwa hiyo mzoee mpira wa akiba. Mpira ukielekea pabaya, kabla hujaondoka ulipo, mwambie mwenzako waziwazi kwamba unapiga wa akiba, kisha uupige. Usiposema, huo wa pili ndio umekuwa mpira wako, na ule wa kwanza umeuacha. Ukiupata wa kwanza ndani ya uwanja kabla ya dakika tatu kuisha, unaendelea nao na wa akiba unauokota. Kwa michezo ya kawaida klabu inaweza pia kupitisha sheria ya pale pale inayomruhusu mchezaji aliyepoteza mpira kuangusha mwingine karibu na ulipopotelea, hata pembeni mwa feawei, kwa kuongezewa mapigo mawili. Ulizeni kwenu kama imepitishwa, kwa maana kwenye uwanja wa vilima huokoa muda na magoti.

Mpira ukipatikana kwa wakati lakini umekwama kichakani, shemeji anaweza kusema hauchezeki, akubali pigo moja la adhabu, na kuuangusha ndani ya urefu wa fimbo mbili bila kusogea karibu na shimo. Shimo la fuko, pamoja na udongo alioutupa juu, ni jambo jingine: ni shimo lililochimbwa na mnyama, na mchezaji hutoka hapo bure, kwa kutafuta mahali pa karibu ambapo shimo hilo halimzuii na kuangusha mpira ndani ya urefu wa fimbo moja. Huangushwa kutoka usawa wa goti. Na kwa kuwa mnacheza mlimani, mtakutana na hili: mpira ulioangushwa hukimbia nje ya eneo lake. Uangusheni mara ya pili. Ukikimbia tena, uwekeni kwa mkono pale ulipogusa ardhi mara hiyo ya pili. Watu wengi huangusha mara nne au tano huku wakiulaani mlima.

SWALI: Naishi Nakuru, nina miaka 22, nataka kununua fimbo za mtumba. Muuzaji ananishawishi nichukue seti nzima. (Kijana wa Nakuru)

JIBU: Sheria inaruhusu fimbo 14 kwa juu kabisa, na haikumlazimisha mtu yeyote kufikisha idadi hiyo. Wewe sita zinakutosha mwaka mzima: mbao namba 5, vyuma namba 6, 7 na 9, weji, na ile ya kusukumia mpira shimoni. Mfuko mwepesi utaushukuru ukipanda. Kabla ya kulipa, pitisha kidole kwenye mifereji ya uso wa weji uone kama haijalika, tazama mpini kwa jicho moja kama fundi anayetazama ubao, na ukunje kidogo mpira wa mshiko. Ukipasuka, omba upunguziwe bei kwa sababu utaubadilisha. Fedha iliyobaki nunua viatu vyenye meno ya plastiki, maana kwenye umande wa asubuhi raba laini hukuangusha. Na kwa kuwa uwanja wa Nakuru una mashimo 18, omba ucheze tisa tu kwanza, uondoke ukiwa bado unapenda mchezo.

SWALI: Mimi ni muuguzi Kakamega, nacheza mashimo tisa kila Jumamosi. Mwenzangu wa Nairobi anasema kadi za mapigo za viwanja vifupi si za kweli na haziwezi kunipa handikapu. (Muuguzi, Kakamega)

JIBU: Mwambie mwenzako kwamba mfumo wa handikapu wa dunia nzima ulioanza 2020 haumuulizi mtu alicheza uwanja wa fahari gani. Unahitaji kadi zenye jumla ya mashimo 54, na kadi za mashimo tisa tisa hukubaliwa. Yaani Jumamosi sita zako zatosha, mradi uwanja umepimwa rasmi, ucheze na angalau mtu mmoja mwingine, naye athibitishe kadi yako. Tangu 2024 hata uwanja wa mashimo tisa wenye yadi 750 tu kwa jumla unaweza kupimwa. Handikapu ya juu kabisa ni 54, kwa wanaume na wanawake.

Kuna kipimo kimoja cha uwanja ambacho jina lake la Kiingereza lina maana ya mteremko, na wengi hudhani kinapima vilima. Hakipimi. Kinaeleza jinsi uwanja unavyomwadhibu mchezaji wa kawaida kuliko bingwa, kuanzia 55 hadi 155, ambapo 113 ndiyo kiwango cha kati kilichowekwa. Uwanja mfupi wenye vichaka na kingo kali unaweza kuwa na namba kubwa kuliko uwanja mrefu ulio wazi, na huyo mwenzako wa Nairobi akija Kakamega ataandikiwa mapigo yake kulingana na namba hiyo kama wewe.

SWALI: Kedi wetu husema kila grini huku juu huvuta mpira kuelekea Kano na ziwani. Nimemwamini mara kadhaa nikakosa, nikamkaidi mara kadhaa nikakosa. (Mstaafu, Nandi Hills)

JIBU: Mzee wangu, ziwa halivuti mpira wa gramu 45. Ila kedi hajatunga uongo. Nandi Hills imekaa kwenye ukingo wa juu unaotazama uwanda wa Kano, kwa hiyo kilima chote kimeinama upande huo, na aliyejenga grini alilazimika kuchimba kidogo juu na kujaza chini ili ikae sawa. Mara nyingi haikukaa sawa kabisa. Jicho lako nalo limezoea mwinamo wa kilima kizima na kuuchukulia kuwa ndio tambarare, hivyo grini iliyoinama kidogo kuelekea Kano hukuonekea kama imelala sawa, na iliyo sawa kweli hukuonekea kama imeinamia mlimani. Kedi husahihisha macho yako kwa kulitaja ziwa. Anapokosea ni pale grini ilipojengwa imeinama upande mwingine makusudi, na zipo.

Yasadiki macho kidogo na nyayo zaidi. Unapokwenda kuokota mpira wako, pita upande wa chini wa grini, katikati ya mpira na shimo, usimame hapo miguu ikiwa imeachana kidogo, na usikilize ni unyayo upi uliobeba uzito zaidi. Usibiringishe mpira wa majaribio wala kuzisugua nyasi, kwani sheria inakataza kuipima grini hivyo wakati wa mchezo. Kusimama na kuhisi hakukatazwi. Kisha kumbuka kwamba umande wa asubuhi huuchelewesha mpira, na mpira unaokwenda polepole huvutwa na mwinamo zaidi unapokaribia shimo, kwa hiyo mwinamo unaouona karibu na kikombe ndio wa kuutilia maanani kuliko ule ulio miguuni pako.

Shimo lina upana wa milimita 108 tu. Ukiwa mbali nalo, usijaribu kuingiza. Sukuma mpira uishie upande wa chini, ili pigo linalofuata liwe la kupanda. Mpira wa kupanda ukikosa huishia karibu na shimo. Wa kushuka ukikosa, kedi wako atakuonyesha kwa kidole ziwa liliko.